Mto Baada ya Moto: Ngojeni Maji ya Kwanza Yapite

Hotuba ya afisa wa mifugo kwa wafugaji wanaonywesha katika mto Ewaso Ng'iro. Imeandikwa kama ilivyosemwa, ili isomwe nyumbani na asiyejua kusoma asomewe.

Najua jua limepanda na wengine mmeacha mbuzi njiani, kwa hiyo sitawachelewesha kwa mambo mengi. Nimekuja na jambo moja. Moto ukiwaka juu mlimani, msiulize tu malisho yameungua kiasi gani. Ulizeni pia mvua ya kwanza itateremsha nini mtoni.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Mwaka mmoja, mwisho wa kiangazi, tuliona moshi upande wa mlima kwa siku kadhaa. Mzee mmoja alinipigia simu akaniuliza, "Daktari, huo moto una neno na sisi?" Nikamjibu, "Mzee, moto uko mbali. Hilo ni jambo la watu wa juu." Tukaagana.

Mvua ikaanza mlimani, huku kwetu bado kukavu. Mto ukashuka jioni, mweusi, una povu na harufu ya jivu lililolowa. Ng'ombe wa mzee walikuwa wamekaa siku mbili bila maji, na hakuna kijana anayeweza kumzuia ng'ombe mwenye kiu akishasikia mto. Waliingia mbio. Pale walipozoea kukanyaga mchanga palikuwa na tope jipya lililofika tumboni. Ng'ombe sita walikwama. Wawili tu ndio walioinuka. Waliokunywa wakaanza kuhara, na ndama ndio walioumia zaidi kwa sababu walikuwa wamekonda tayari.

Hadi leo siwezi kusema ni kiasi gani kilitokana na maji yale na kiasi gani kilitokana na njaa ya kiangazi. Lakini mzee aliniuliza mapema, akiwa bado na muda wa kujiandaa, nami jibu langu halikumsaidia. Maneno ya leo ndiyo jibu nililopaswa kumpa siku ile.

Kwa nini moto wa mbali ni wetu sisi

Mnajua mto huu unatoka wapi. Maji ya Ewaso Ng'iro yanatoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare, yanapita Laikipia, yanafika Samburu na Isiolo, halafu yanaishia katika kinamasi cha Lorian. Sisi wa huku chini hatupati mvua nyingi. Tunakunywa mvua ya watu wa juu.

Sasa angalieni majira ya moto. Milima ile huungua zaidi wakati wa ukavu, kuanzia Januari hadi Machi. Machi 2012 moto mkubwa uliwaka Mlima Kenya. Februari 2022 ukawaka Aberdare. Baada ya Machi kunafuata nini? Mvua ndefu. Maana yake majivu yakishatandazwa juu ya mlima, mvua ya kuyaosha iko karibu. Na inakuta mifugo yetu katika hali gani? Imekonda, ina kiu, na inamaliza kiangazi. Maji mabaya kuliko yote huja wakati ule ule tunapoyataka kuliko wakati wote.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Nami nawaambia, dalili ya maji mabaya ni moshi.

Moto unafanya nini kwenye ardhi

Nyasi, majani makavu na mizizi midogo ni kama blanketi la ardhi. Mvua ikinyesha, blanketi hilo hupunguza nguvu ya matone, na maji huzama polepole. Moto ukishalila, udongo unabaki uchi. Tena moto mkali huyeyusha mafuta yaliyomo kwenye mimea, yakaingia kwenye udongo wa juu na kuufanya ukatae maji, kama ngozi iliyopakwa samli. Mvua ikinyesha hapo haizami. Inateremka yote kwa mara moja, na inabeba kila kilicholegea.

Inabeba nini? Kwanza majivu. Akina mama wanajua majivu yana ukali, ndiyo maana yanafaa kusugulia sufuria. Ukali huo ukiwa mwingi mtoni hubadilisha ladha ya maji, na mnyama anaweza kuyakataa. Pili, udongo. Huo ndio unaojaza tope kwenye mahali pa kunyweshea na kufukia visima. Tatu, mbolea iliyokuwa ndani ya mimea na udongo. Mbolea hiyo ikitulia kwenye dimbwi lenye jua, huotesha ule ukoko wa kijani juu ya maji. Nitaurudia huo baadaye, maana unaua. Nne, kama moto umeunguza nyumba, magari, duka au stoo ya dawa ya kupe, maji hubeba sumu ambazo jicho halizioni.

Mambo haya hayatokei kwetu peke yetu. Mwanzoni mwa mwaka 2020, baada ya moto mkubwa kule Australia, mvua iliingiza majivu katika mto Macleay na samaki wakafa kwa wingi. Samaki hawakuunguzwa na moto. Maji yalipojaa uchafu unaooza, hewa wanayovuta ndani ya maji iliisha. Na kule Marekani, mji wa Denver ulitumia mamilioni ya dola kwa sababu udongo ulishuka kwenye mabwawa yake baada ya moto wa mwaka 1996 na ule wa 2002. Kama mji wenye mashine na wahandisi ulisumbuka, sisi wenye mitungi tusidharau.

Siku za hatari ni zipi

Hapa msikilize vizuri, maana ndipo watu wengi hukosea. Hatari kubwa haiji siku ya moto. Siku ya moto mto unaweza kuwa safi kabisa. Hatari huja na mafuriko ya kwanza baada ya moto, na mara nyingi ya pili na ya tatu. Kila mvua kubwa inayofuata huosha kidogo zaidi, lakini yale ya kwanza ndiyo yanayobeba mzigo mzito.

Baada ya hapo mto husafika polepole, kadiri nyasi zinavyoota tena. Kwa mwaka mmoja au zaidi mtaona maji yakichafuka haraka kuliko zamani kila mvua inaponyesha. Kwa hiyo kuuangalia mto si kazi ya siku moja. Ni kazi ya kila mvua, mpaka ardhi ya juu ivae nguo yake tena.

Jinsi ya kuuangalia mto

Hamhitaji mashine. Mnahitaji daftari, kalamu, chupa moja ya plastiki iliyo wazi, kijiti chenye alama, na mtu mmoja anayeaminika. Kijana wa shule anaweza. Mama anayeteka maji kila asubuhi anaweza zaidi, kwa sababu yeye hufika mtoni kila siku.

Anzeni kabla ya mvua, mto ukiwa katika hali yake ya kawaida. Asiyejua hali ya kawaida hatajua ya ugonjwa. Si ndivyo mnavyomjua ng'ombe mgonjwa, kwa kuwa mnamjua akiwa mzima? Chagueni mahali pamoja, saa moja ile ile, kila asubuhi, na muangalie mambo haya.

Kimo. Simikeni kijiti chenye alama kando ya maji. Andikeni maji yako alama ya ngapi. Yakipanda ghafla na huku hakujanyesha, basi kumenyesha juu.

Rangi na harufu. Maji ya udongo mwekundu mnayajua, hayo ni ya kila mwaka. Tafuteni weusi au ukijivu, vipande vya mkaa vinavyoelea, povu linalokaa bila kupasuka, na harufu ya kuungua au ya kuoza.

Chupa. Jazeni chupa, ifungeni, iwekeni mahali pasipotikiswa hadi kesho yake. Pimeni kwa vidole unene wa tope lililotulia chini. Halafu tazameni maji ya juu. Weka kidole nyuma ya chupa: unakiona? Andikeni yote mawili. Leo vidole vitatu na kidole hakionekani. Kesho vidole viwili. Kesho kutwa kimoja na kidole kinaonekana. Hapo unauona mto ukipona kwa macho yako.

Mawe. Mto ukishashuka na pakiwa salama kuingia, geuzeni mawe matano kwenye maji yanayotembea. Chini ya mawe huishi wadudu wadogo: watoto wa kerengende, na wale wenye mikia miwili au mitatu myembamba kama nywele. Hao hawapendi maji mabaya. Mkiwakuta kama mlivyowakuta kabla ya moto, ni habari njema. Mkikuta minyoo myekundu peke yake, au hakuna kitu, mto bado mgonjwa. Watoto wanaipenda kazi hii, na macho yao ni makali kuliko yetu.

Samaki na wanyama. Samaki wanaovuta hewa juu ya maji, au waliokufa ukingoni, ni onyo. Wanyama wanaofika na kiu, wakanusa, wakarudi nyuma, nao ni onyo. Msiwachape waingie. Ulizeni kwanza wamenusa nini.

Kila kitu kiandikwe: tarehe, saa, mahali, kimo, rangi, vidole vya tope. Mstari mmoja kwa siku unatosha. Mwenye simu apige picha ya chupa. Daftari hilo ndilo litakalowafanya msikilizwe mkienda ofisini. Mtu akisema "mto ni mchafu" anaambiwa asubiri. Anayefungua daftari la siku thelathini hupewa kiti.

Kipimo cha chupa hakisemi kila kitu. Chumvi na sumu zilizoyeyuka hazionekani, hata maji yakiwa meupe. Ndiyo maana nasema angalieni mambo yote matano kwa pamoja. Na kama mmesikia kwamba moto umeunguza stoo ya dawa, gereji au jaa la takataka kando ya mto, msiamini chupa. Hayo yanahitaji maabara.

Simu kutoka juu

Kuna kipimo kingine ambacho ni bora kuliko chupa, nacho ni mtu wa juu. Kila kijiji kiwe na namba ya simu ya jamaa anayeishi karibu na mlima. Akiona moto, apige. Akiona mvua imenyesha juu ya mahali palipoungua, apige tena. Nyinyi mwandike saa aliyopiga, halafu mwandike saa maji yalipofika kwenu. Mkifanya hivyo mara tatu au nne, mtajua wenyewe mto huu unachukua muda gani kutoka kwake hadi kwenu. Hakuna mtaalamu atakayewaambia hilo kwa mahali penu vizuri kuliko daftari lenu.

Muda huo, hata ukiwa wa saa chache, ni mali. Unatosha kuwatoa ndama bondeni, kuhamisha boma lililo kando ya laga, na kujaza mitungi. Maana maji yanayotoka kwenye mlima ulioungua huja kwa kasi na kwa wingi kuliko mlivyozoea. Msilale ndani ya laga msimu huo, hata kama mchanga ni mkavu na nyota zinaonekana.

Sasa kiu tutaifanyaje?

Najua mnachowaza. "Daktari, unatuambia tungoje, je, ng'ombe wangu wanajua kungoja?" Swali hilo ni la haki. Tupige hesabu.

Chukua familia yenye ng'ombe 20 na mbuzi 50. Ng'ombe wetu wa kienyeji hunywa kama lita 25 kwa siku, mbuzi kama lita 4. Ng'ombe watataka lita 500, mbuzi lita 200. Jumla ni lita 700, yaani mitungi 35 ya lita 20 kila siku. Hakuna punda wala mama atakayebeba hiyo kwa siku tatu. Kwa hiyo sitawaambia muwabebee wote maji. Nawaambia muwagawe.

Ngamia anaweza kungoja. Mnajua hukaa siku nyingi bila kunywa. Ng'ombe dume na mitamba iliyo imara, walionyweshwa vizuri kabla ya mafuriko, wanaweza kuvuka siku mbili, hasa wakipelekwa malisho ya karibu na kivuli. Wasioweza kungoja ni ndama, wana-mbuzi, waliozaa karibuni, na wenye mimba kubwa. Hao ni wachache. Ndama 6 wakipewa lita 10 kila mmoja, ni lita 60: mitungi mitatu. Hiyo inabebeka. Mtu akiniuliza mitungi yake ya maji safi impe nani, namwambia: watu kwanza, kisha ndama, kisha wanaonyonyesha.

Kwa waliobaki, tafuteni maji kwa mpangilio huu.

Kwanza, laga au bwawa ambalo maji yake hayatoki mahali palipoungua. Jueni mapema ni lipi, na mkubaliane na wenyewe kabla ya kiu, si siku ya kiu. Maji yasiyo na makubaliano yameleta vita vya kutosha.

Pili, kisima cha mchanga. Wazee, mchanga wa mto ni chujio ambalo Mungu ametupa bila malipo. Mto ukishatulia, chimbeni hatua kadhaa kutoka ukingo wa maji. Maji yanayojitokeza yamepita kwenye mchanga na kuacha majivu na tope nyuma. Teka ya kwanza uyamwage, kisha yaliyojitokeza tena yatakuwa meupe zaidi. Zungushieni miiba ili mifugo isiingie ndani, na maji yamiminwe kwenye birika. Lakini tahadhari mbili: msichimbe mto ukiwa bado unapanda, na msichimbe shimo refu bila kupanua mdomo wake. Mchanga uliolowa humfukia mtu bila sauti.

Tatu, kama hakuna lingine ila mto, msiwaingize mifugo ndani. Tekeni maji, yajazwe kwenye birika au tangi, yatulie usiku mmoja, kisha wanyweshe ya juu bila kukoroga ya chini. Waanzeni na wanyama wachache wakubwa na wenye nguvu, muwaangalie hadi kesho, ndipo wengine wafuate. Msianze na ndama kamwe. Na wote wanyweshwe kwa zamu, kidogo kidogo, kwa sababu mnyama aliyekaa na kiu akinywa kwa pupa hujidhuru hata kama maji ni safi.

Kabla ya kuwarudisha mtoni, kijana atembee kwanza na fimbo mahali pa kunyweshea. Achome fimbo kila hatua. Ikizama zaidi ya goti, mahali hapo pamekwisha kuwa mtego. Tafuteni penye mchanga mgumu au mawe. Wale ng'ombe wanne wa mzee hawakuuawa na sumu. Walikufa kwa tope ambalo fimbo moja ingelionyesha.

Ukoko wa kijani

Nilisema nitarudi hapa. Mto ukishashuka huacha madimbwi. Wiki kadhaa baadaye, jua likiwa kali, mnaweza kuona juu ya dimbwi ukoko wa kijani au wa kijani-buluu, kama rangi iliyomwagika, na mara nyingi una harufu mbaya. Upepo huusukuma ukakusanyika upande mmoja, na hapo ndipo penye hatari zaidi. Aina nyingine ya ukoko huo ina sumu inayoweza kuua ng'ombe kwa saa chache. Mnyama hutetemeka, huyumba, huhema kwa shida, huanguka karibu na maji aliyoyanywa.

Huwezi kuujua wenye sumu na usio na sumu kwa kutazama. Kwa hiyo uhesabuni wote kuwa mbaya. Zungushieni dimbwi miiba, msioge humo, mbwa wasinywe, na msidhani kuchemsha kutaondoa sumu hiyo. Kuchemsha huua vijidudu, hakuondoi sumu iliyokwisha kuyeyuka.

Dalili kwa mifugo na la kufanya

Mkiwaona wanahara wengi kwa wakati mmoja, wanayumba, wanahema haraka bila kukimbia, au ufizi umegeuka rangi ya kahawia au ya buluu, watoeni kwenye maji hayo mara moja. Wapelekeni kivulini, wapeni maji mengine, msiwakimbize. Pigeni simu kwa daktari wa mifugo na mseme walikunywa wapi na saa ngapi. Ukimwambia hilo, umempunguzia nusu ya kazi.

Mnyama akifa ghafla, msimchune na msile nyama yake hadi atazamwe. Mafuriko huchimbua mengi, na kimeta nacho hufichwa na udongo. Nyama ya mbuzi mmoja haistahili maisha ya mtoto.

Maji ya nyumbani

Akina mama, kwa maji ya kunywa nyinyi na watoto: yatulizeni usiku kucha, myamimine polepole kupitia kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, ndipo muyachemshe au mtie dawa ya klorini. Dawa ikitiwa kwenye maji ya tope hupotea nguvu. Wenye mbegu za mlonge wanaweza kuzitwanga na kuzitumia kutuliza tope, lakini kuchemsha kubaki pale pale. Na maji yenye harufu ya kuungua au ladha ya chumvi wasipewe watoto wachanga hata yakiwa yamechemshwa. Tafuteni ya kisima.

Maabara na ofisi

Kila mto una watu wake wanaoshughulika nao. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inavitambua vyama vya watumiaji maji, vile mnavyoviita WRUA. Jiungeni, na mfugaji awe na sauti humo, si mkulima wa mfereji peke yake. Mamlaka ya Rasilimali za Maji ndiyo inayopima mto, na kituo kimoja cha kupimia kiko hapo Archers Post. Mkiwa na shaka, ombeni maji yapimwe ukali, chumvi na naitreti, na mseme kama kuna kitu cha sumu kilichoungua.

Mkitakiwa kupeleka sampuli, fanyeni hivi. Chukueni chupa safi ambayo haijawahi kubeba dawa wala mafuta. Simama ukitazama maji yanakotoka, ioshe chupa mara tatu kwa maji ya mto, kisha ijaze kwenye maji yanayotembea, si kwenye dimbwi la ukingoni. Ifunge, andika mahali, tarehe na saa, ifungeni kwa kitambaa kilicholowa, na ifike siku hiyo hiyo ikiwezekana. Majibu yakija, ulizeni la chumvi: yakiwa chini ya miligramu 3,000 kwa lita, mifugo huyanywa, ingawa wengine wataharisha kidogo mwanzoni. Yakizidi 7,000, wenye mimba na ndama wasipewe. Yakizidi 10,000, asinywe mnyama yeyote.

Na sisi tuna sehemu yetu

Nimesema sana juu ya moto wa mlimani, lakini nasi huku chini huchoma nyasi ili kupe wafe na majani mabichi yaote. Sikuja kuwagombeza. Nawaomba jambo dogo: msichome hadi kwenye ukingo wa mto au wa laga. Acheni ukanda wa nyasi, matete na miti usimame. Majivu yakiteremka hukwama hapo. Na mahali palipokwisha kuungua, lazeni matawi ya miiba kukata mteremko, na muwape nyasi muda wa kushika mizizi kabla ya kuingiza mifugo. Kwato zikiingia mapema zinamalizia kazi iliyoanzwa na moto.

Nimalizie hivi. Mkiona moshi upande wa mlima, jazeni mitungi, andikeni hali ya mto, na mpigie simu mtu wa juu. Mvua ikinyesha huko, watoeni ndama bondeni. Maji meusi yakifika, yaacheni yapite. Shikeni fimbo mpime tope, jazeni chupa muingoje, geuzeni mawe. Mto ukionyesha umepona, wanywesheni kwa zamu, wakubwa kwanza.

Yule mzee bado yuko, na bado hunipigia simu. Siku hizi haniulizi tena kama moto wa mlimani una neno na sisi. Hunisomea daftari la mjukuu wake: kimo, rangi, vidole vya tope. Mimi ndiye ninayemsikiliza.

Mungu awape mvua ya heri, na maji mazuri kwa watu na kwa mifugo.